Muuza duka la dawa tumemsema vya kutosha, sasa twende wodini

Kila mwaka ikifika ile wiki ya dunia ya usugu wa dawa, yaani bakteria kuzizoea dawa mpaka haziwaui tena, mwezi wa kumi na moja tarehe 18 mpaka 24, ujumbe ni ule ule. Maliza dozi. Usinunue dawa bila cheti. Usimpe jirani vidonge ulivyobakiza. Mtaalamu anaingia redioni anawasema wananchi weee mpaka kipindi kinaisha, kwamba mtu akikohoa mara mbili tu kashafika dukani "dada nipe rangi mbili za buku", mkojo ukichoma kidogo Cipro, tumbo likisokota Flagyl, na hawa ndo wanaotuletea usugu wa dawa.

Sibishi, hayo yapo na yanafanyika kila mtaa. Ninachobishia ni kwamba tumeyaimba miaka yote hiyo mpaka upande wa pili tumeusahau kabisa. Chukua mtoto njiti, kilo moja na nusu, kazaliwa hospitali na tangu azaliwe hajatoka hospitali. Siku ya tatu anaanza kulegea, hanyonyi, joto linapanda alafu linashuka chini kuliko kawaida, wanamuanzishia ampisilini na jentamaisini kama mwongozo unavyosema, wapi, wanapandisha kwenye sindano kubwa zaidi, wapi. Huyo mtoto hajawahi kukatisha dozi. Hajui hata duka la dawa liko upande gani. Mdudu aliyemuingia kwenye damu alishakuwa sugu kabla hawajakutana, na wamekutana humo humo wodini. Hapo tunamsema nani?

Msimamo wangu ni kwamba usugu unaoua watu mahospitalini kwetu ni suala la mikono, maji, msongamano na maabara kabla halijawa suala la tabia ya mgonjwa, na kelele zetu karibu zote tumezielekeza kwa mtu ambaye ni rahisi kumsema kwa sababu hana pa kujibia.

Tuanze na Dar maana data ipo ya siku nyingi. Mwaka 2001 na 2002 pale Muhimbili watafiti walifuatilia watoto 1,828 wa chini ya miaka saba waliolazwa mmoja baada ya mwingine, wakachukua damu na kuiotesha, yaani kuiweka maabara waone kama kuna bakteria wataota. Watoto 255 walikutwa na bakteria kwenye damu, karibu 14 katika kila 100. Katika hao wenye bakteria walifariki karibu 35 kwa kila 100, na malaria kwenye utafiti huo huo ilikuwa inaua kama 20 kwa kila 100. Enzi hizo mtoto akiwa na homa sisi wote mawazo yalikuwa malaria, neti, malaria, na kumbe kulikuwa na kitu kingine pembeni kinaua kuliko malaria ila hakuna aliyekitengenezea tangazo.

Alafu wakaangalia ndani zaidi. Bakteria wanagawanywa makundi mawili makubwa kutokana na ukuta wao, wale wanaoitwa gramu-hasi wana ukuta wa nje wa ziada ambao dawa nyingi zinashindwa kupenya, na humo ndo wamo Klebsiela, E. coli, Asinetobakta na Sudomona. Watoto waliopata hawa walifariki 43 na ushee kwa kila 100, wale wa kundi la pili hawakufika 17. Na katika gramu-hasi wenyewe, mtoto aliyekutwa na mdudu mwenye kile kimeng'enya, kemikali anayoitengeneza mwenyewe, cha kukata dawa za kundi la seftriaksoni, ile sindano ya antibayotiki ya kila wodi, vifo vilifika 71 kwa kila 100, wasio nacho 39. Kundi lile lile la wadudu, hospitali ile ile, tofauti kubwa ni kimeng'enya.

Sio wote hao waliupatia hospitali ugonjwa, wengine walikuja nao nyumbani. Utafiti ulioyatenganisha haya vizuri ni wa Kilifi, pwani ya Kenya, ambako kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome walikuwa wanaotesha damu ya kila mtoto anayelazwa, sio mpaka daktari ashtuke. Kuanzia 2002 mpaka 2009 wakagawanya: waliokuja na bakteria kutoka nyumbani walifariki 24 katika 100, waliokuja na ugonjwa mwingine wakaupatia humo humo hospitali walifariki 53. Zaidi ya nusu. Yaani unampeleka mtoto akatibiwe utapiamlo au kuungua, anapata kitu kingine kitandani, na hicho kingine ndo kinachomuondoa.

Sasa kwanini hospitali ndo inazalisha wadudu wabaya hivi? Jibu la haraka ni kwamba huko ndiko dawa zinamwagika. Penisilini, ampisilini, seftriaksoni, mpaka meropenemu ambayo ni ya akiba nyingine zikishindwa, zote ni ukoo mmoja na zote katikati zina kaduara kadogo ka kikemia ambako ndiko kanakofanya kazi. Bakteria akipata kimeng'enya cha kukavunja hako kaduara dawa inakuwa maji. Na hiki kitu sio kipya wala hakijaletwa na sisi tunaonunua vidonge viwili viwili, mwaka 1940 kabla penisilini haijaanza hata kuuzwa kule Uingereza watafiti Abraham na Chain walishakikuta kimeng'enya cha kuiharibu ndani ya E. coli. Methisilini ilitoka 1959 ili kumkomesha Stafilokoka, bakteria mwingine, aliyeizoea penisilini, 1961 wakatangaza kwamba wapo wanaoikataa na hiyo. Miaka miwili tu.

Kibaya zaidi hawa gramu-hasi hawasubiri kuzaana ndo warithishane. Wana vipande vya DNA vya duara vinaitwa plasimidi, vinatoka bakteria mmoja vinaingia kwa mwingine hata wa aina tofauti, kama wanachuo wanavyopeana desa usiku wa kuamkia mtihani, mmoja akiwa na majibu asubuhi darasa zima linayo. Na kwenye plasimidi moja yanakaa majibu ya dawa nyingi kwa pamoja. Kwa hiyo ukimpiga na jentamaisini unaweza kuwa unambakiza anayeikataa seftriaksoni pia japo hujamgusa na seftriaksoni, vimefungwa kifurushi kimoja. Tumboni mwa mtoto mchanga aliyepewa antibayotiki toka siku ya kwanza hakuna bakteria wazuri wa kuwazuia, uwanja mtupu, anayekuja wa kwanza ndo mwenye nyumba. Na wodini anayekuja wa kwanza ni yule aliyekaa kwenye mikono ya watu.

Hapa naomba nikae kidogo maana ndo penyewe.

Ukiingia wodi ya watoto wachanga kwenye hospitali nyingi za kwetu utakuta kitanda kimoja kina watoto wawili, siku mbaya watatu, wamelazwa kwa upana ili watoshe, kanga za mama huyu zimegusana na za mama yule. Nesi wa usiku mmoja. Anatoka kumpima huyu joto, anaenda kumfungua yule kanyula, kile kibomba cha mshipani, iliyoziba, anarudi kumlisha wa tatu kwa mpira wa puani, katikati hapo simu ya wodi inaita anaipokea, anarudi. Chupa ya dawa ambayo ingetumika mara moja inachomwa sindano mara kadhaa maana dozi ya kilo moja na nusu ni kidogo mno na kumwaga inayobaki ni dhambi wakati bohari hakuna. Pembeni sinki lipo lakini maji yanatoka asubuhi, mchana kuna ndoo yenye bomba, na juu ya sinki taulo moja ya kitambaa imening'inia toka jana, kila anayenawa anajifutia hapo. Hiyo taulo mimi ningeipiga marufuku kabla ya dawa yoyote.

Tupige hesabu kidogo, ya mfano tu. Tuseme watoto 30, kila mtoto aguswe mara tano kwa zamu moja, hapo kuna kugusa mara 150. Kati ya mguso na mguso anawe, WHO wanasema kunawa sawasawa kwa maji na sabuni ni sekunde 40 mpaka 60. Chukua hizo 40, zidisha, unapata saa nzima na dakika 40 za kunawa tu bila kuhesabu kutembea kwenda sinki na kurudi. Hakuna binadamu atafanya hivyo peke yake usiku. Kwa jeli ya spiriti ni sekunde 20 mpaka 30 na chupa inaning'inia pale pale kitandani, muda unaanza kuingia akilini. Kwa hiyo mtu akiniambia manesi ni wavivu wa kunawa namuuliza kwanza wako wangapi, na chupa iko wapi.

Unajua wapo watu wakisikia habari ya mikono wanaona tunaongelea usafi wa shule ya msingi, wanataka kusikia dawa mpya. Nenda kaangalie Uingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 MRSA, yule Stafilokoka sugu, alikuwa aibu ya nchi, watu wanaogopa kwenda kubadilishwa nyonga. Kule England kuanzia 2001 kila hospitali ikalazimishwa kuripoti kila mgonjwa aliyekutwa na MRSA kwenye damu, namba zikatoka hadharani, 2004 serikali ikasema ifikapo 2008 zipungue nusu. Mwaka wa 2003/04 walikuwa na wagonjwa zaidi ya 7,000. Mwaka wa 2008/09 wakashuka chini ya 3,000, na 2010/11 wakawa chini ya 1,500. Hakuna dawa ya ajabu iliyovumbuliwa hapo katikati. Waliweka jeli kila kitanda, wakaanza kuandika tarehe kanyula imewekwa na lini itoke, wakapunguza baadhi ya antibayotiki, wakawabana wakurugenzi wa hospitali kwa namba. Watafiti mpaka leo wanabishana kipi katika hivyo kilisaidia zaidi, wabishane tu, ila mwenendo wa namba uko wazi.

Na kama unadhani pesa peke yake inamaliza, kuna kisa cha Marekani. Hospitali ya NIH, taasisi ya serikali ya utafiti wa afya, pale Bethesda, Maryland, mahali ambapo kama kuna hospitali haina shida ya maji na sabuni ni hiyo. Juni 2011 wakapokea mgonjwa kutoka New York, wakijua kabisa ana Klebsiela anayekataa dawa za kundi la meropenemu, wakamtenga, glavu, gauni, kila kitu. Akapona akaruhusiwa. Wiki tatu baadaye akatokea mgonjwa wa pili, alafu wa tatu, wakafika 18. Walifariki 11, sita kati yao moja kwa moja kwa sababu ya huyo mdudu. Waliposoma vinasaba vya kila mdudu wakaona wote ni ukoo wa yule yule wa yule mama wa kwanza. Mdudu alikutwa kwenye mashine ya kupumulia iliyokwisha kusafishwa na kwenye mabomba ya kutolea maji ya masinki. Ikabidi wajenge ukuta, wang'oe mabomba, wapulizie vyumba mvuke wa haidrojeni peroksaidi, na, hii ndo naipenda, wakaajiri watu ambao kazi yao masaa 24 ni kusimama na kuangalia kama daktari kanawa. Profesa mzima anasimamiwa anawe. Kwetu hapa nesi mdogo amwambie daktari bingwa "samahani dokta, hujanawa", tunajua wote kitakachofuata.

Tuje kwenye maabara maana bila hiyo hata hizi kelele zangu ni za kukisia. Kuna utafiti ulitoka 2022 uliohusisha nchi 14 za Afrika, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwemo, katika maabara kama 50,000 za hizo nchi, zilizokuwa na uwezo wa kuotesha bakteria zilikuwa asilimia 1.3 tu. Zilizobaki sio kwamba zimefungwa au mashine mbovu, hazina kabisa hiyo huduma. Maana yake daktari wa wilaya anaye mgonjwa mwenye mshono unatoa usaha, anajua ni bakteria ila hajui ni yupi na anasikia dawa gani, anafanyaje? Anatoa inayofunika wengi. Anatoa seftriaksoni.

Seftriaksoni kwa kweli ni dawa nzuri, na uzuri wake ndo ulioiponza. Sindano moja kwa siku, bei imeshuka, inafunika wadudu kibao, ndugu wa mgonjwa wakiona sindano wanaamini mgonjwa wao anatibiwa. WHO wameiweka kwenye kundi la dawa za kuangaliwa kwa jicho kali, sio za kuanza nazo kwa kila kitu, lakini ingia wodi yoyote ya upasuaji au ya wazazi chukua mafaili kumi uone. Kuna hii ya kumpa mama aliyejifungua kwa operesheni sindano za siku tano "za kuzuia". Mwongozo wa WHO wa 2016 unasema kinga ya operesheni inatolewa kabla ya kisu kugusa ngozi na haina haja ya kuendelea baada ya hapo. Tunaendelea siku tano kwa nini? Kwa sababu hatuiamini wodi yetu. Daktari anajua kitanda kile, anajua maji yale, anaona bora amfunike. Kwa hiyo dawa inafanya kazi ya sabuni, na sabuni ingekuwa nafuu mno.

Alafu ukiitegemea seftriaksoni wodi nzima unaosha wote wanaoisikia, wanabaki wasioisikia, kesho unahitaji meropenemu. Mwanza pale hospitali ya Bugando watafiti waliwahi kupima wadudu 227 ambao tayari walikuwa sugu kwa dawa nyingi, wakakuta 80, sawa na 35 katika 100, wana vinasaba vya kuvunja hata kundi la meropenemu, na hiyo ilichapishwa 2014 wakati hiyo dawa wengi wetu hatukuwa tumewahi hata kuisikia. Rwanda ilikuwa kwenye utafiti mkubwa wa watoto wachanga wa nchi saba uliofanyika kati ya 2015 na 2017, katika gramu-hasi waliopatikana humo ampisilini ilikuwa inakataliwa na 97 katika kila 100, jentamaisini 70. Hiyo ndo dawa ya kwanza kwenye mwongozo, ile tuliyomuanzishia mtoto wetu wa kilo moja na nusu.

Sasa nirudi kwenye maliza dozi kabla hamjanirukia. TB maliza, ARV usiache hata siku moja, hapo hakuna mjadala. Ila kwa maambukizi mengi ya kawaida ya bakteria ushahidi kwamba kumaliza vidonge vyote ndo kunazuia usugu ni mwembamba, mwaka 2017 wataalamu wa Uingereza waliliandika hilo wazi kwenye jarida la madaktari la BMJ na ugomvi ukawa mkubwa. Kadiri unavyokunywa siku nyingi ndivyo bakteria wengine wa tumboni wasio na kosa wanavyofundishwa. Ndo maana dozi nyingi sasa zimefupishwa, kuna nimonia ya watoto inatibiwa kwa siku tatu sehemu zenye VVU kidogo. Ujumbe wenye akili ungekuwa kunywa kama ulivyoandikiwa na anayeandika aandike fupi inayotosha. Lakini hiyo haikai vizuri kwenye fulana ya kampeni, na zaidi ya yote inamrudishia mzigo anayeandika.

Na duka la dawa silitetei kiivyo. Mwanza hiyo hiyo wamekutwa watu wazima mtaani wasioumwa chochote wana hawa wadudu wenye vimeng'enya tumboni, kwa hiyo mama anaweza kuja kujifungua akiwa nao tayari. Mlango wa mtaani upo. Ninachosema ni kwamba mdudu mmoja tumboni mwa mama mmoja akiingia wodi yenye nafasi, maji na mikono misafi anaishia kwa huyo mama, akiingia wodi ya watoto watatu kitanda kimoja anaondoka na nusu ya wodi. Tofauti hiyo haiko dukani.

Wapo wa dawa mpya, nao nisiwaache. Kampuni ya Achaogen ya Marekani ilipata kibali cha plazomisini Juni 2018, dawa ya hawa hawa wadudu, Aprili 2019 ikaomba kufilisika. Dawa ya namna hii inatakiwa ifungiwe kabatini itumike kwa nadra, sasa nani atawekeza kwenye bidhaa ambayo ukiitumia sana umeiharibu? Uingereza wameanza kulipa makampuni kwa mwaka kama unavyolipia kisimbusi, utumie usitumie. Sisi hatuna hizo hela. Na hata zilizopo hazitufikii, uchambuzi uliotoka 2025 uliangalia nchi nane, Kenya ikiwemo, ukakadiria maambukizi kama milioni 1.5 ya gramu-hasi wanaokataa kundi la meropenemu kwa mwaka 2019, waliopata dawa inayofaa hawakufika 7 katika 100. Kwa hiyo tuna watu wanaomwagiwa antibayotiki wasizohitaji na watu wanaokufa kwa kukosa moja wanayohitaji, wako hospitali moja, pengine korido moja. Kuna majaribio yanaendelea Kenya na Afrika Kusini ya kuchanganya dawa za zamani kama fosfomaisini na amikasini kwa watoto wachanga, hayo nayaunga mkono kwa mikono yote miwili, ila hata yakifaulu tukizipeleka kwenye wodi zile zile baada ya miaka kadhaa tutakuwa tunatafuta nyingine.

Kuhusu gharama, naomba tusidanganyane. Jeli ya spiriti WHO walitoa fomula wazi, ethanoli, glisarini na haidrojeni peroksaidi kidogo, famasi ya hospitali inaweza kuchanganya yenyewe. Uganda kule Kakira inatengenezwa kutokana na molasi ya miwa, na kanda hii viwanda vya sukari tunavyo. Mwaka 2020 corona ilipoingia tuliona wenyewe, ndani ya wiki chache kila mlango wa duka, benki, stendi ya daladala, ilikuwa na ndoo ya bomba na sabuni ya maji, tuliweza, alafu hofu ilipoisha ndoo zikabaki zimepasuka uani. Wakati huo huo Klebsiela hakuwa na mpango wa kuondoka. Ripoti ya WHO na UNICEF ya 2022 ilisema nusu ya vituo vya afya duniani havina sehemu ya kunawa yenye maji na sabuni au jeli pale mgonjwa anapohudumiwa na chooni. Hiyo ni nusu ya dunia, sisi sitaki hata kukisia.

Mpango wa taifa wa Tanzania wa kupambana na usugu upo, wa kwanza ulianza 2017 na wa pili ni wa 2023 mpaka 2028, nchi zilikaa Umoja wa Mataifa New York Septemba 2024 zikaahidi kupunguza vifo vinavyohusiana na usugu kwa asilimia 10 ifikapo 2030. Asilimia 10 ya nini sasa, kama hatuhesabu? England walianza na kuhesabu, tena hadharani, tena kwa lazima. Mimi ningeanza na namba moja tu kwenye kila wodi ya watoto wachanga ya hospitali ya mkoa: mwezi huu watoto wangapi wamepata maambukizi ya damu baada ya kukaa wodini zaidi ya masaa 48. Ibandikwe mlangoni, ipelekwe wizarani, mkurugenzi aulizwe kwa hiyo namba kama anavyoulizwa kwa makusanyo. Na hospitali itakayosema haiwezi kuitoa kwa sababu haioteshi damu, basi na hilo liandikwe kwenye karatasi hiyo hiyo pale mlangoni, mama anayeingia na mtoto alisome.